Vaze za slagi: maswali yenu

*"Yaya, hii kioo ya michirizi njo slagi ya terili, ile mulima ya mabaki ya kampuni ya madini Gécamines?" (kijana wa Katuba)*

Hapana mdogo wangu, lakini nimefurahi umewaza ivo, sisi wa Lubumbashi tumekulia chini ya ile mulima nyeusi na jina tunalielewa mbiyo. Slagi ni ule uchafu unaoelea juu ya madini mu tanuru, na inasimuliwa kwamba viwanda vya Uingereza vilikuwa vinautia mu kioo, njo jina la slagi likabaki. Michirizi yenyewe inatoka kwa kioo cheupe na kioo cha rangi kuchanganywa nusu tu, hawakorogi mpaka mwisho, wanakiminya kingali moto mu kalibu ya chuma.

*"Yangu ni ya kijani, si malakite, ile jiwe ya kijani?"*

Mama, haujakosea sana, Sowerby, kiwanda cha kioo cha Gateshead, Uingereza, wenyewe waliita kioo yao Malachite! Malakite yetu iko kijani juu ya kijani, giza na nyepesi, duara ndani ya duara. Kioo iko na michirizi myeupe kama maziwa ndani. Ipeleke ku dirisha saa kumi ya jioni, ukingo mwembamba ukishika mwanga njo kioo, jiwe haiwezi hata siku moja. Tena usiipime na siki, siki inakula malakite.

*"Nitajuaje ya zamani?"*

Pindua uangalie chini. Kichwa kidogo cha tausi ni Sowerby, waliandikisha ile alama 1876. Kunguru anapita mu herufi A ni Akro Agate, kiwanda cha Clarksburg, West Virginia, Amerika, hao walianza na gololi za watoto wakaingia mu vyungu vya maua, wakafunga 1951, na kwangu hivyo vyungu njo vitamu kuliko vyote. I na G zimepandana ni Imperial, kiwanda cha Ohio, Amerika, hizo zimekuja nyuma ya zingine. Nyingi hazina alama, usizitupe.

*"Bei?"*

Pitisha kidole ku mdomo kwanza. Imemeguka? Shusha.

*"Nipande maua ndani?"*

Panda, lakini usitoboe kioo, tia mmea mu kikopo cha plastiki chenye matundu halafu ukiingize. Na maji ya moto hapana kabisa. Asubuhi moja ya baridi, mwezi wa sita, nilimwagia yangu ya zambarau maji ya vuguvugu, ikalia "tak", ufa toka mdomo mpaka ku mguu. Iko juu ya kabati mpaka leo, na bado ni nzuri.