Borrow au lend?

Ndugu, umeuliza kwa nini mwalimu kakukosoa ulipoandika "borrow me your pen". Kosa limetoka nyumbani: sisi "azima" tunaitumia pande zote mbili. Nimeazima jembe kwa jirani. Jirani kaniazima jembe. Neno lilelile! Mwingereza kazitenga pande hizo kwa maneno mawili, kama sisi tunavyotenga kukopa na kukopesha. Anayechukua ndiye wa borrow, anayetoa ndiye wa lend. Kwa hiyo andika "lend me your pen", au "can I borrow your pen?" Mimi zamani nilikuwa nanong'ona kwanza "nikopeshe", ndipo nifungue mdomo, mpaka ikanikaa. Halafu lend, ukisimulia ya jana, inakuwa lent, si lended. Hapo hata watu wazima tunajikwaa.