Daftari la kundi lishikwe na watoto wenyewe

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni kitu gani kidogo kinachokifanya kikundi cha vijana kidumu hata waanzilishi wake wakiondoka? Mimi ni kiongozi wa kundi la skauti hapa Dodoma, na jibu langu ni kaunta buku. Liandikwe kila mkutano na kila kambi, na mwandishi awe mtoto.

Kwetu jambo hili ni zito. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, tumepokea watoto wengi wa watumishi, na mzazi akipata uhamisho mtoto naye anaondoka. Walimu nao huhamishwa. Kidato cha nne wakimaliza mtihani wa Novemba ndiyo kwaheri. Kundi ambalo kumbukumbu zake zimo kichwani mwa mwalimu mmoja huanza upya kila akija mwingine: hajui hema lipi linavuja, wala ni mzee gani aliyeruhusu kambi kwenye eneo lake. Mali bila daftari huisha bila habari, na mali ya skauti ni uzoefu.

Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi ya kwanza kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwagawa wavulana katika vikosi vinne, kila kikosi na kiongozi wake kijana. Daftari nalo lifuate njia hiyo. Kila kikosi kichague katibu, na zamu ya kuandika izunguke. Mtu mzima asome, asisahihishe kwa kalamu nyekundu. Mtoto akishaona wino mwekundu, safari ijayo ataandika "kambi ilikuwa nzuri, tulifurahi" na hakuna atakayejifunza kitu hapo.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote uliandikwa na katibu wa darasa la sita: "Tumetoka saa kumi na mbili asubuhi. Maji dumu moja, yameisha saa saba mchana. Korongo la pili limejaa, tumezunguka kwa juu penye mbuyu wenye tundu. Ugali umeungua kwa sababu moto ulikuwa mkali." Pembeni kachora korongo, mbuyu na mshale wa kaskazini. Waliosoma ukurasa huo mvua zilizofuata walibeba madumu mawili, na walipofika korongoni hawakubishana wapite wapi.

Halafu kuna miti. Kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani ilizinduliwa mwaka 2017, na siku ya kupanda skauti huwa tunaitwa. Lakini mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Hali halisi ya mche utaijua Septemba, ardhi imekauka na mbuzi wanatafuta chochote kibichi. Kwa hiyo kila mche uandikwe: aina yake, mahali ulipo, tarehe ya kupandwa, nani anamwagilia. Kisha kikosi kirudi kiangazi kuandika upi umepona na upi umeliwa. Hapo ndipo watoto wanapojua wenyewe pa kupanda mwarobaini na pa kuweka uzio kwanza.

Najua wapo watakaosema kundi la WhatsApp linatosha. Picha ni nzuri, ila simu ni ya mwalimu, na akihama inahama naye.

Kuna mambo yasiyoingia daftarini: adhabu, ugonjwa wa mtoto, shida za nyumbani kwao. Hayo ni ya kiongozi na mzazi, maana daftari la kundi husomwa na kila mtu.

Tumieni bolpeni ya kawaida. Wino wa baadhi ya kalamu za maka huchuruzika ukipata maji. Daftari likae kwenye sanduku la bati, mbali na sakafu, lisiliwe na mchwa. Likijaa, katibu ahamishie orodha ya vifaa kwenye ukurasa wa kwanza wa jipya, na la zamani libaki sandukuni humohumo, wageni wa kundi waweze kulisoma.