Jibu: Ushuru wa maegesho pale Mwanga

Ndugu yangu, umeuliza iwapo kupandisha ushuru wa maegesho pale sokoni Mwanga, Kigoma, kutapunguza magari au kutafukuza wateja tu. Kwa maoni yangu, kinachomwamua dereva kuliko bei ni uhakika wa kupata nafasi: akishalizunguka soko mara tatu huku bajaji zimemziba mbele na nyuma, safari inayofuata ataliacha gari nyumbani na kupanda bodaboda. Mjini Nottingham, Uingereza, tangu mwaka 2012 waajiri wenye nafasi 11 au zaidi za magari ya wafanyakazi hulipia kila nafasi, na fedha hizo zimesaidia kupanua njia za tramu (treni za mitaani). Kwetu hakuna tramu: mwenye magunia mawili ya dagaa (bodaboda atayapakia wapi?) ushuru ataulipa huku akinung'unika, na ataendelea kuegesha palepale.