Mchezo Kwanza, Jimu Baadaye

Kila mwaka ukianza, mashoga zangu wananiuliza jimu gani nzuri hapa Dar, na jibu langu huwakera: tafuta kwanza mchezo unaoupenda, hayo mengine baadaye. Sina ugomvi na jimu. Wapo wanaoipenda kwa dhati, wananyanyua vyuma sura zimekunjamana halafu wanatoka wanacheka. Mimi nikipanda ile mashine ya kukimbilia, macho yote yako kwenye saa, na dakika 10 zinakuwa ndefu kuliko foleni ya Mbagala jioni.

Kinachonitoa kitandani Jumapili alfajiri ni joging. Nasema joging ya mtaani, ya Temeke na Kigamboni huko: fulana za rangi moja, filimbi, ngoma, na kijana wa bendera nyekundu anayesimamisha magari ili kundi lipite. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua tangu utotoni, maana ni mchakamchaka ule ule, ila safari hii hakuna mwalimu wa zamu mwenye fimbo. Kiongozi anatoa wimbo, wote mnaitikia, miguu inafuata yenyewe.

Na huo wimbo una kazi yake. Wataalamu wa mazoezi wana kipimo rahisi cha ukali wa zoezi: ukiweza kuongea lakini kuimba kukakushinda, uko kiwango cha wastani; ukitamka maneno mawili matatu tu pumzi ikakata, umeshaingia kiwango kikali. Sasa sikiliza joging inavyopita dirishani kwako. Viitikio ni vifupi vifupi, vinaingia kati ya pumzi na pumzi. Kiongozi anayejua kazi yake akisikia sauti za nyuma zimefifia, anapunguza mwendo bila mtu kumwomba. Saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo ni nzuri, sikatai, lakini hazikungoji ukichoka.

Ukienda mara ya kwanza, kaa nyuma kabisa. Huko ndiko tuliko sisi wamama wenye miili yetu, na stori zote tamu ziko huko. Ukishindwa kukimbia, tembea. Hakuna atakayekucheka, kwa sababu nusu ya safu ya nyuma inatembea pia. Halafu jaribu kukosa Jumapili mbili mfululizo uone. Simu itaita: "Dada, mzima wewe? Tumekuona kimya." Klabu nyingi huchangishana kwenye misiba na kutembeleana wagonjwa, kwa hiyo kuacha joging ni kama kuhama mtaa. Mimi naamini hilo ndilo linalotushikilia kuliko hamu ya kupungua kilo.

Serikali nayo imesukuma. Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Zanzibar wametuzidi: wao huifanya tarehe 1 Januari kuwa siku ya mazoezi kitaifa, vikundi vikatoka barabarani wakati wengine tunalala na uchovu wa mkesha.

Raba usinunue kwa kutazama rangi. Ukienda mitumba ya Karume, ishike kiatu mbele na nyuma ukikunje: kikikunjika pale vidole vinapoanzia, chukua, kikikunjika katikati ya unyayo, mrudishie muuzaji hata akishusha bei. Bonyeza na soli ya ndani kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, magoti yako ndiyo yatakayolipa.

Kwa wasioweza lami, kuna rede. Ndiyo, rede yetu ya utotoni, mpira wa soksi kuukuu uliofungwa vizuri. Wawili wanarusha, mmoja yuko katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Cheza ukiwa mtu mzima ndipo utajua: unachuchumaa, unachota, unainuka ghafla, unageuka, unaruka, unarudi chini. Mapaja yanawaka moto kesho yake. Tunacheza jioni nyuma ya nyumba, kanga zimefungwa juu ya suruali, na watoto wanatushangilia kwa dharau kidogo. Sijawahi kuona mtu akitazama saa kwenye rede.

Wanaopenda bahari wana pa kutembea bure, ila wafuate maji, wasifuate saa. Yakipwa, mchanga unakuwa mgumu na unakanyagika vizuri. Kwa kuwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, saa iliyokufaa leo haitakufaa wiki ijayo.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za makali, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili. Zamani walisema zoezi lihesabiwe likifika dakika 10 mfululizo. Mwongozo wa 2020 umeondoa sharti hilo. Kwa hiyo kushuka daladala kituo kimoja kabla kunahesabika. Kupandisha ndoo ya maji ghorofani kunahesabika, na anayesema kutwanga kisamvu si kazi ya misuli hajawahi kushika mchi.

Mwenye presha au sukari azungumze na daktari kabla ya kuanza, hasa kama hajakimbia miaka mingi. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, simama, mwambie mwenzako aliye karibu, nenda hospitali. Na dawa endelea kumeza kama ulivyoandikiwa, hata ukijiona mwepesi. Wa kuzipunguza ni daktari, si kiongozi wa joging.