Trei ya mafuta: safisha kabla ya moto mkali

Wengi tunaomiliki jiko la peleti, yaani jiko la kuchomea nyama linalotumia umeme na punje za mbao, tunasafisha trei ya kukingia mafuta pale inapoonekana chafu. Mimi niliacha utaratibu huo. Siku hizi najiuliza kwanza: safari ijayo napika nini, na kwa joto gani?

Kilichonibadilisha ni siku moja ambayo sitaisahau. Nilikuwa nimechoma pande kubwa la nyama yenye mafuta mengi, joto la chini, nyuzi 110 za selsiasi, tangu alfajiri hadi jioni. Iliiva ikalainika, tukala, nikazima jiko na kulifunika. Siku tatu baadaye nikaliwasha tena ili nichome vipande vyembamba, safari hii kwa nyuzi 230. Muda si mrefu ule moshi mwepesi niliouzoea ukawa mzito, wa manjano, unaokereketa koo. Nikafunua kifuniko nione kuna nini. Hewa ilipoingia, mafuta yaliyokuwa yanafuka yakashika moto kwa pamoja, ndimi zikaruka hadi juu ya ukingo wa jiko.

Mafuta yaliyowaka siku ile ni ya lile pande la siku tatu nyuma. Jiko likiwa kwenye joto la chini, mafuta huchuruzika na kutuama kwenye trei bila kuwaka, kisha huganda yakipoa. Unafunika jiko ukidhani kazi imeisha. Lakini trei iko juu tu ya bakuli la moto, bamba la kutawanyia joto ndilo linalovitenganisha, na hapo katikati feni inapuliza muda wote. Ukipandisha joto sana, mabaki yote ya mapishi yaliyopita yanachemka upya. Ndiyo maana nasema hatari haiko siku ya nyama ya mafuta, iko siku inayofuata.

Jambo kama hili likikukuta, usifunue. Acha kifuniko kimefungwa, zima jiko, na kama unaweza kuufikia waya wa umeme bila kujihatarisha, chomoa ili feni isimame. Usimwage maji kabisa; maji yakigusa mafuta yanayowaka hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha kila upande. Moto ukitoka nje ya jiko, watoe watu karibu na uite zimamoto.

Sasa usafi wenyewe. Wakati mzuri ni jiko likiwa vuguvugu, pale unapoweza kugusa trei kwa mkono bila kushtuka. Likipoa kabisa mafuta yanakuwa ukoko na utatoka jasho bure. Likiwa la moto utaungua. Nakwangua kwa mwiko wa mbao au kipande cha plastiki ngumu, nikisukuma uchafu wote upande mmoja na kuuzoa kwa karatasi. Situmii kisu wala kitu chochote cha chuma, kwa sababu kikichubua rangi ya trei kutu inaanzia papo hapo. Dawa kali za kusafishia oveni nazo naziepuka: zinaweza kubabua rangi na kula aluminiamu, na sitaki mabaki yake yafuke chini ya chakula. Maji ya moto kidogo, sabuni ya vyombo na sifongo vinatosha, tena baada ya kuitoa trei nje ya jiko. Usioshee ndani ya jiko. Peleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa. Zikipata maji huvimba na kurudi kuwa vumbi, kisha huganda kwenye parafujo inayozisukuma kuelekea motoni. Kuzibua hapo ni kazi ya siku nzima.

Trei ikiwa nje, tazama majivu yaliyo chini yake. Yafyonze kwa mashine pale tu yanapokuwa baridi kabisa, maana kaa moja lililojificha linaweza kuwasha mfuko wa mashine.

Kuhusu foili, naipenda kwa mapishi marefu, ila wengi wanaitandika vibaya. Iwe nene, ivutwe ikaze, kingo zikunjwe kwa chini. Kila mkunjo unaouacha juu unakuwa kidimbwi cha mafuta, na kidimbwi ndicho hasa tunachokikimbia. Usizibe nafasi za pembeni ambako joto linapandia, wala usifunike njia ya mafuta. Na ukibandua foili chunguza chini yake, kwa kuwa mafuta hupenya hata pale ulipodhani umeziba vizuri.

Njia hiyo ya mafuta ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Mfereji na tundu la kuelekea kwenye ndoo vikiziba kwa ukoko, mafuta yanarudi nyuma na kujaa kwenye trei, hata kama uliisafisha jana. Mimi napitisha kijiti kila mara. Ndoo yenyewe naimwaga kabla haijafika nusu: nasubiri mafuta yagande, nayatia kwenye kopo na kulitupa na taka. Kwenye sinki hayaingii, yataganda ndani ya bomba.

Mwisho narudisha trei, na hapa natulia kidogo. Ikikaa upande, mafuta yanaweza kudondokea kwenye bakuli la moto, na joto litaelemea upande mmoja wa jiko. Kabla ya kuwasha namimina kijiko kimoja cha maji katikati ya trei na kuyatazama. Yakitiririka hadi kwenye mfereji, nayafuta na kuwasha. Yakisimama, nairekebisha trei au nanyanyua miguu ya jiko upande ulioinama, nijaribu tena.