Kati ya Selenium, Cypress na Playwright: jibu kwa ndugu wa programu ya fakture

Ndugu, nimekusoma kwa makini. Unasema mko watu watatu, mnatengeneza kwa Python, lugha ya kuandikia programu, programu ya fakture (ankara za mauzo) na stoki kwa ajili ya madepo ya biashara ya jumla hapa Lubumbashi, kila Ijumaa mnaijaribu kwa mikono kabla ya kuwapa wateja toleo jipya, na sasa mkuu wenu anataka kazi hiyo yote ifanywe na mashine. Umeuliza mchague ipi kati ya Selenium, Cypress na Playwright, zana tatu zinazokiendesha kivinjari (kama Chrome) na kujaribu skrini za programu badala ya mtu. Kisha ukaongeza kwamba sehemu za programu ambazo hamkuzigusa wiki hiyo hamzijaribu tena, kwa kuwa hazina cha kubadilika. Nimefanya kazi ya namna hiyo kwa miaka kadhaa katika mji huu huu. Swali la zana nitalijibu, ila nitaanza na hiyo sentensi yako ya mwisho, maana ndiyo inayoamua mengine yote.

Programu haiharibiki pale tu ulipopita mkono wa mtu. Depo moja tuliyoihudumia iliuza kwa dola na kwa faranga, kama yanavyofanya madepo mengi ya hapa. Fakture iliyotolewa Jumatatu kwa kiwango cha siku hiyo, ilipochapishwa upya Alhamisi, ilitoka na jumla nyingine ya faranga, kwa sababu programu ilichukua kiwango cha leo badala ya kile kilichohifadhiwa pamoja na fakture. Kasoro hiyo ilirekebishwa. Baadaye msimbo wa kuchapisha ukapangwa upya ili maandishi yatoshe kwenye karatasi nyembamba, jambo lisilohusiana kabisa na fedha, na kasoro ile ile ikarudi. Aliyeigundua ni mnunuzi, akiwa na nakala mbili za fakture moja mkononi. Majaribio ya kurudia yapo kwa ajili ya hali kama hiyo: kuhakikisha kwamba kilichokuwa kikifanya kazi jana bado kinafanya kazi leo, hata kama hakuna aliyekusudia kukigusa.

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliharibika angani takriban sekunde 40 baada ya kuanza safari yake ya kwanza. Sehemu ya programu iliyoleta msiba ilitoka katika Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri, na katika Ariane 5 iliachwa kama ilivyokuwa. Lakini roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa mlalo, na thamani iliyotokana na mwendo huo haikuweza kuingia katika namba kamili ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Msimbo ulikuwa ule ule, mazingira yake ndiyo yaliyobadilika. Kwenu mazingira hubadilika kila wiki, hata kama ninyi mmelala: kivinjari hujisasisha, maktaba za Python hutoa matoleo mapya, kiwango cha dola hupanda na kushuka. Mwaka 2018, kanuni za CLDR, ambazo vivinjari huzifuata katika kuandika namba na tarehe za kila lugha, zilibadilisha nafasi inayotenganisha maelfu katika Kifaransa kutoka herufi ya U+00A0 kwenda U+202F, nafasi mbili tupu ambazo kwa kompyuta ni herufi tofauti. Kwa macho, 1 250 000 ni ile ile. Kwa msimbo unaoyasoma tena maandishi hayo kutoka kwenye skrini na kuyageuza kuwa namba, ni kitu kingine kabisa, na kama wateja wenu wanatumia skrini za Kifaransa, jambo hilo linawahusu moja kwa moja.

Kwa hiyo yote yajaribiwe tena, kila mara. Na kwa kuwa mwanadamu hawezi kurudia yote kila Ijumaa bila kuchoka na kuruka hatua, mkuu wenu ana haki ya kutaka mashine. Mahali ambapo timu nyingi hupotea ni pale zinapodhani kwamba kumpa mashine kazi hiyo maana yake ni kuifundisha kubofya vitufe vyote ambavyo mtu alikuwa akibofya. Majaribio ya kivinjari ndiyo ya polepole zaidi na ndiyo yanayovunjika upesi. Mike Cohn, mwandishi wa vitabu vya utengenezaji wa programu, aliyapanga majaribio kwa umbo la piramidi: chini kabisa yale mengi na madogo yanayogusa kazi moja ya msimbo, katikati yale yanayopita kwenye API (mlango ambao programu huzungumza nao na programu nyingine) na hifadhidata, na juu yale machache ya skrini. Sijaona sababu ya kuigeuza piramidi hiyo katika programu za biashara, na kwa fakture nasema bila wasiwasi kwamba sehemu kubwa ya hatari yenu iko chini ya skrini.

Chukua TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwetu kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Fakture ina mistari mitatu, kila mmoja wa dola 1.03. Ukikokotoa kodi mstari kwa mstari na kukadiria kila mmoja kwa senti, unapata 0.16 mara tatu, yaani 0.48. Ukikokotoa juu ya jumla ya 3.09, unapata 0.4944, yaani 0.49. Mhasibu wa depo lazima awaambie ni njia ipi inayotumika, kisha jibu lake liandikwe kama jaribio, ili mtu mwingine asije akaigeuza kwa kupanga upya msimbo. Katika Python kuna mtego wa pili: round(2.5) hutoa 2 wala si 3, kwa sababu nusu hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu, na namba za desimali za kawaida hazihifadhi 0.1 kwa ukamilifu. Fedha zishikwe kwa Decimal, aina ya namba ya Python inayohifadhi desimali kwa ukamilifu, na kanuni ya kukadiria itajwe waziwazi. Majaribio kama hayo, yakiandikwa kwa pytest, zana ya majaribio ya Python, huendeshwa kwa mamia ndani ya sekunde chache, bila kivinjari na bila intaneti. Anzeni hapo. Kisha kila kasoro iliyoripotiwa na mteja, kabla ya kurekebishwa, iandikiwe jaribio linaloanguka. Marekebisho yanakamilika jaribio hilo linapopita, na halifutwi tena.

Majaribio ya kazi mpya hayana ugumu mkubwa wa kueleza. Mkiwa na katoni 10 za mafuta katika stoki, jaribuni kuuza 9, 10, 11, sifuri na namba hasi, kwa sababu kasoro hupenda kukaa mipakani. Namba ya simu ya mteja ijaribiwe ikiwa imeandikwa kwa +243 na tarakimu 9, kisha kwa sifuri na tarakimu hizo hizo 9, kisha ikiwa na nafasi katikati. Jina lijaribiwe likiwa na sehemu tatu, kama tunavyoandikishwa sisi, na likiwa na sehemu moja.

Juu ya saa nitakaa kidogo, kwa sababu nchi yetu ina maeneo mawili ya saa na watengenezaji wengi hawaikumbuki hali hiyo mpaka mwisho wa mwezi. Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia, Kinshasa iko saa moja mbele, na seva nyingi za kukodi hufuata UTC yenyewe. Fakture iliyotolewa hapa dakika 30 baada ya usiku wa manane, tarehe mosi, kwa seva bado ni tarehe ya mwisho ya mwezi uliopita, na kwa ofisi ya Kinshasa pia. TVA yake itaingia katika mwezi upi? Jibu ni la mhasibu, lakini jaribio ni lenu, na jaribio hilo haliwezi kusubiri usiku wa manane. Fanyeni hivi: kazi zote za msimbo zichukue saa kutoka mahali pamoja, ili katika jaribio mweze kuweka saa mnayotaka. Playwright inaruhusu kukipa kivinjari eneo la saa la Africa/Lubumbashi, na tangu mwaka 2024 inaweza pia kuishika saa ya kivinjari isisogee. Lakini hiyo ni saa ya kivinjari tu, saa ya seva inabaki kuwa jukumu la msimbo wenu wa Python.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloua kazi hii katika timu nyingi kuliko ubaya wa zana yoyote. Ni majaribio yanayopita leo, yanaanguka kesho, kisha yanapita tena bila mtu kubadilisha kitu. Mlinzi anayepiga filimbi kila paka anaporuka ukuta hatimaye haamshi mtu, hata usiku ambao mwizi ameingia kweli. Timu ikishazoea kusema "rudia tu, litapita", majaribio yote yamekwisha kupoteza kazi yake, yakiwemo mazuri. Kwa hiyo jaribio lisiloaminika litolewe kwenye kundi siku hiyo hiyo, litafutiwe sababu, lirudishwe likiwa zima au lifutwe.

Sababu nilizozikuta mara nyingi ni chache. Ya kwanza ni kungoja kwa kubahatisha: mtu anaandika "subiri sekunde 3" kisha abofye, na siku intaneti inapolegea sekunde 3 hazitoshi. Jaribio lingoje hali fulani, yaani kitufe kiwepo na kikubali kubofywa au jumla iwe imeonekana, wala lisingoje muda. Ya pili ni data ya pamoja, ambapo jaribio moja linauza katoni ambazo jingine lilizitegemea. Kila jaribio litengeneze mteja wake, bidhaa yake na kiwango chake cha dola. Katika ngazi ya chini mnaweza kufungua muamala wa hifadhidata na kuufuta mwishoni, ila njia hiyo haifai kwa majaribio ya kivinjari, kwa sababu pale seva hutumia muunganisho wake yenyewe na haioni kitu ambacho hakijathibitishwa. Nawasihi pia msitumie nakala ya hifadhidata ya wateja: madeni na simu za watu si vifaa vya majaribio. Ya tatu ni kukitambua kitufe kwa maandishi yake au kwa mahali kilipo. Skrini zenu, kama zetu, bila shaka zina Kifaransa na Kiswahili. Kitufe cha "Valider" kikigeuzwa kuwa "Thibitisha", majaribio yote yanaanguka. Wekeni katika kila kitufe muhimu alama ya data-testid isiyofuata lugha.

Kuhusu zana, basi. Selenium ilianzishwa na Jason Huggins huko Chicago mwaka 2004, na njia yake ya kuzungumza na vivinjari, WebDriver, ilikubaliwa kuwa kanuni rasmi ya W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti, mwaka 2018. Ni imara, ina walimu wengi, na tangu toleo la 4.6 inajitafutia yenyewe dereva, yaani programu ndogo ya kukiongoza kivinjari, inayolingana na toleo la kivinjari hicho, kazi iliyokuwa ikitusumbua sana zamani. Cypress ni nzuri kwa wanaoandika kwa lugha za JavaScript au TypeScript, na kwa kuwa ninyi mnaandika Python, sioni faida ya kuongeza lugha ya pili kwa watu watatu. Playwright, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2020, ina Python, inaunganika na pytest, na hungoja yenyewe kitufe kiwe tayari kabla ya kukibofya, hivyo sababu ya kwanza niliyoitaja hapo juu inapungua sana. Ningechagua hiyo. Kama tayari mngekuwa na majaribio mengi ya Selenium yanayopita, ningesema msihame.

Kwa hali yetu ya megabaiti, jueni kwamba Playwright hupenda kupakua vivinjari vyake yenyewe, na ni mizigo ya mamia ya megabaiti. Katika kompyuta zenu mnaweza kuiambia itumie Chrome iliyokwisha kuwekwa, kwa chaguo la channel. Kumbukumbu za picha za kila hatua ziwekwe kwa majaribio yaliyoanguka peke yake, la sivyo mtamaliza kifurushi kwa kutazama mafanikio. Majaribio ya chini yaendeshwe kwenye kompyuta ya kila mtu kabla ya kutuma msimbo, kwa sababu yanaweza kufanya kazi kwa betri umeme ukikatika. Yale ya kivinjari yaendeshwe kwenye seva ya mbali usiku, ambako kukatika kwa umeme wa mtaa wenu hakuyagusi.

Mkuu wenu akidai kwamba majaribio yafikie asilimia 100 ya msimbo, mwelezeni kwa upole kwamba kipimo hicho huhesabu mistari ya msimbo iliyopitiwa, na mstari unaweza kupitiwa na jaribio lisilohakikisha chochote. Mwonyesheni badala yake jambo hili: geuzeni kwa makusudi asilimia 16 ya TVA kuwa 15 katika msimbo, endesheni majaribio, na mhesabu yaliyoanguka. Yasipoanguka hata moja, kazi bado. Rudieni hivyo kwa kiwango cha dola, kwa stoki, kwa ruhusa ya kutoa punguzo.

Ijumaa yenu msiifute, ila ibadilisheni. Mikono ibaki na kazi mpya ambazo hakuna aliyewahi kuziona zikitumika, na ibaki na printa. Kama maandishi yanafifia kwenye karatasi ya milimita 58, au jina refu la bidhaa linasukuma bei nje ya ukingo, hilo bado tunalitazama kwa macho, tukiwa na karatasi ya kweli mkononi.