Skrini ya kugusa kwenye Toyota ya zamani
Ndugu, umeuliza kama redio ya skrini ya kugusa itaingia kwenye Toyota yako iliyotoka Japani bila kukata dashibodi. Itaingia, kwa kuwa nafasi ya redio katika Toyota nyingi ina upana wa milimita 200 na redio nyingi za kununua zina 178, hivyo utahitaji fremu ya kuziba mapengo ya pembeni. Tafadhali usikubali fundi akate soketi ya nyaya za gari iliyo nyuma ya redio. Nunua soketi ya kuunganishia ya Toyota, ili waya wa njano wa redio mpya upate umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu na mwekundu upate umeme pale tu swichi ya gari inapowashwa, maana nyaya hizo zikiunganishwa pamoja, betri inaweza kuisha chaji gari likiwa limeegeshwa. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kupata stesheni za FM: redio ya zamani ya Japani huishia megahezi 90, ilhali stesheni zetu hufika 108.